Miti Niliyopeleka Ukweni

Ninauza miche kando ya barabara hapa Mbale. Siku nilipokwenda kujitambulisha ukweni, Budondo, karibu na Jinja, nilibeba sukari, kanzu na miche miwili ya gasia. Nilijiona bwana. Wenzangu hupeleka soda, mimi nikapeleka maua. Gasia huchanua manjano mti mzima, na hakuna aliyepita kitaluni kwangu bila kuiulizia. Baba mkwe, sasa marehemu, aliipanda nyuma ya nyumba, pale msitu unapoanzia.

Kwao Busoga, mama mkwe na mume wa binti yake hawakaribiani. Hatupeani mkono, hatutazamani usoni, hatusemezani. Akinisikia naja, huingia jikoni. Anayevunja mwiko huo, wanasema, hutetemeka mikono mpaka kaburini. Miaka ishirini na kitu nimemjua kama kikohozi nyuma ya ukuta.

Mwaka huu binti yetu mkubwa alikwenda kujifungulia huko, mimi na mke wangu tukamfuata. Mtoto mchanga Busoga huogeshwa kyogero, maji yaliyochemshiwa majani ya porini, apate ngozi safi na bahati. Watoto wangu wote mama mkwe aliwaogesha kwa majani ya msitu ule. Safari hii goti lilimgomea, akamtuma mke wangu. Mke wangu akarudi na kikapu kitupu, hataki kusema. Nikamtania kwamba mji umemsahaulisha majani, nikachukua panga, nikaenda mwenyewe.

Ilikuwa saa saba mchana. Mwanzoni nilifurahi. Manjano kila upande, nikasema moyoni, hiyo ni kazi yangu. Kisha nikagundua kuwa shina la kushoto, la kulia na la mbele yangu yote ni gasia. Miti ya zamani ilisimama katikati yake, mikavu, haina jani. Chini hapakuwa na kichaka wala mmea wa kutambaa, ila miche ya gasia imesongamana kama ya kitaluni kwangu. Hakuna ndege aliyelia. Kilichosikika ni maganda makavu ya mbegu yakigongana juu, ingawa upepo haukuwepo. Niligeuka mara mbili nikidhani kuna mtu nyuma yangu.

Nikaona visiki. Mtu alikuwa amekata kwa panga butu, miaka na miaka, na kila kisiki kilikuwa kimetoa mashina sita, saba. Miti miwili tu haikuguswa, ile yangu, tena imepaliliwa.

Niliogopa, sifichi. Nilirudi nikasimama nje ya jikoni, nikauuliza ukuta majani yamekwenda wapi.

Halafu mama mkwe, kwa Kiswahili alichookota kwa askari zamani, akanijibu mwenyewe, bila kupitia mtu.

"Miti ya wewe imekula musitu. Watoto yake mimi nakata, inarudi mingi. Ile mbili ya kwanza nitakata namna gani? Ni ya muko."

Muko ni mkwe.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Kwa mudomo gani?"

Nilimkasirikia yeye, kisha mke wangu, kisha heshima yenyewe, mpaka nikaishiwa wa kumkasirikia nikabaki mimi. Ile miwili niliiangusha kabla ya magharibi, nikijua vizuri itachipua. Miche ndiyo kazi yangu.

Jioni mtoto aliogeshwa kwa maji matupu ya vuguvugu. Nikiwa nje nilimsikia mama mkwe akimimina na kutaja majani kwa Kisoga, moja moja, kana kwamba yamo ndani ya beseni, na binti yangu akirudia kila jina. Lilipofika la sita, mama mkwe akakwama.

"Lile lenye..." akasema. "Lile..."

Akamuuliza mke wangu. Naye hakulijua, wala hapakuwa tena na mahali pa kwenda kulitazama jani lenyewe. Maji yakapoa tukimngoja.