Chumba cha Sinema cha Alfani
Aliyekata viwanja kule Kabondo alikuwa na haraka, au alikuwa amelewa, maana kiwanja cha Alfani kilichongoka upande mmoja kama ncha ya pasi. Chumba alichojenga juu yake kikafuata ujinga huohuo: nyuma kipana, mbele kimebanwa, ukuta wa kulia umelala upande, na juu mabati matupu. Humo ndimo, mwaka 1956, Alfani alitaka kuonyesha sinema.

Kazi yake ilikuwa kuzisemea filamu. Picha nyingi zilizofika Kisangani zilikuwa bubu, basi yeye husimama kando ya shuka la kuonyeshea na kuwapa watu wa kwenye picha maneno, kila mmoja na sauti yake. Uwanjani, alikofanyia kazi hiyo mpaka hapo, watu walimpenda kufa. Lakini baba yake, Papa Assumani, masikio yalikuwa mazito, na mahali pa wazi hakuambulia kitu. "Mutoto yangu banamulipa juu ya makelele," aliwaambia wageni. Neno hilo lilimkaa Alfani rohoni. Alitaka mzee amsikie mara moja tu, neno kwa neno, kabla masikio hayajafunga kabisa.

Kumbe chumba nacho kilikuwa na vita vyake. Alfani akisema "njoo", mabati yanasema "njoo", ukuta uliolala unasema "njoo", na kona nyembamba inamalizia ikiwa imechelewa. Papa Assumani alijishika kichwa akatoka nje.

Zéphirin, seremala jirani, alikuwa na jibu la haraka. "Bon, tufunike yote, tumalize." Wakatundika mikeka kila ukuta, wakajaza sufi kwenye magunia ya kahawa, wakayabana chini ya mabati. Sauti ikafa. Alfani alinguruma mpaka mishipa ikamsimama, na mtu wa nyuma hakusikia.

"Zéphirin, umeniziba mudomo. Niko nasema sawa mutu ndani ya blanketi."

"Alors, ni weye ulisema hautaki sauti irudie."

Wakabandua, wakatundika upya, mara huku mara kule. Wiki nzima Alfani alipiga makofi kila pembe kama mwendawazimu, akitega sikio, akimtukana mkata viwanja, huku mkewe Madina akilalamika kwamba mikeka ya kulalia iko ukutani. Mwishowe wakauvalisha mikeka ukuta uliolala peke yake, magunia yakabaki juu na ndani ya kona. Alfani akasema "njoo". Ikaja njoo moja tu, safi. Alitaka kulia.

Jumapili chumba kikajaa, Papa Assumani akakaa mbele. Filamu ilikuwa ya mzee wa Ulaya anayemfukuza mwanawe kwa fimbo. Alfani akampa yule mzee sauti aliyowapa wazee wote wa filamu zote tangu aanze kazi: kikohozi kikavu, kisha "Nilikuzaa miye, weye haukunizaa," na ule ubahili wa kuhesabu vipande vya sukari. Watu wakaangua kicheko kama kawaida yao. Mkono wa Papa Assumani ukapanda.

"Alfani. Ule muzee, iko mimi?"

Hapo Alfani alijiona mjinga wa mwisho. Miaka yote alimwiga baba yake kwa raha kwa sababu mwenyewe hasikii, na sasa amehangaika na mikeka na magunia ili asikie. Zéphirin, aliyekuwa akiendesha mashine ya picha, akanyoosha mkono kuizima.

"Hapana kuzima," mzee akasema bila kugeuka. "Endelea. Leo niko nasikia."

Kwenye shuka yule mzee alikuwa akifungua mdomo tena. Alfani akamtazama, asijue ampe sauti gani.