Siku Niliyokufa Dukani kwa Kina Shamim

Wiki iliyopita Shamim, rafiki yangu wa utotoni, alinifungulia boksi la magazeti ya zamani katika stoo ya duka lao, Mikindani. Yalikuwa ya Kiingereza, ya ule mchezo ambao kila mtu anajipa jina la shujaa, anarusha dadu, kisha anasimuliwa yaliyompata. Bado yalinuka karafuu na mafuta ya taa.

Mchana ule wa utotoni, tulipoyacheza mara ya kwanza, tulikaa dukani humo juu ya magunia ya mchele. Shujaa wangu nilimpa jina langu mwenyewe. Nikarusha dadu, Shamim akatazama gazetini.

"Neema ametumbukia shimoni," alisema. "Amekufa."

Kwangu, kilichoandikwa kwa Kiingereza kilikuwa kweli tupu. Nilikimbia nyumbani nikilia, nikamkuta mama akikaanga korosho.

"Mama, nimekufa."

Hakucheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaepua kikaango, akajifunga kanga, tukarudi wote dukani.

"Shamim, mwanangu, hakuna namna ya kumrudisha?"

Shamim alipekua kurasa, akaweka kidole mahali, akasoma taratibu kwamba mzazi akirusha dadu na kupata zaidi ya tatu, mtoto hufufuka. Ukurasa huo niliusoma wiki iliyopita. Ni tangazo la rangi.

Mama alirusha, akapata tano. Niligusa kifua changu, moyo ulikuwa unadunda vizuri kabisa.

"Twende nyumbani," nilimwambia.

Lakini mama alikuwa ameshakaa juu ya gunia.

"Subiri kidogo," alisema. "Na mimi mnaniandika nani?"