Mwape na Mukate wa Baba

Nilipokuwa mutoto pale Nchelenge, kando ya ziwa, miaka ya sabini, baba na nkambo, mama ya mama yangu, waligombana kwa kupitia kinywa changu.

"Mwambie nkambo yako, mutoto iko na njaa. Aache kumunyanganya mukate."

"Mwambie baba yako, ile mukate njo inamumaliza."

Walikuwa ndani ya kiwanja kimoja, hatua tano kati yao, nkambo amemupa mugongo. Kwetu mukwe na mama wa mke wake hawatazamani wala hawasemeshani, ni haya. Baba alikuwa Mukongomani wa ng'ambo ya ziwa, lakini haya hiyo aliishika kuliko wenyeji. Basi miye, wa miaka tisa, nilibeba maneno yao, na mengine niliyaongezea pilipili.

Baba alioka mukate ndani ya tanuru la udongo wa kichuguu, akiwauzia wachuuzi wa samaki. Mudogo wangu Mwape alianza kuharibika alipoachishwa kunyonya: tumbo limevimba, matako yamekauka, choo cheupe kinanuka nyumba nzima. Kadiri alivyokonda, ndivyo baba alivyomuchagulia ile laini ya katikati ya mukate, akiichovya ndani ya chai. Kliniki walimupa dawa ya minyoo. Haikubadilisha kitu.

"Amepewa jina la shangazi yangu," nkambo alisema. "Yule alikufa mbele ngano haijafika huku. Haijui. Mumupe bukari ya unga wa mihogo na samaki."

Ndivyo tulivyoamini: mwenye jina anarudi ndani ya mutoto, na miko yake. Lakini majirani walikuwa na imani nyingine.

"Muzee anayetoa chakula ndani ya kinywa ya mutoto mugonjwa," mama mumoja aliniuliza pale tulipochota maji, "yeye mwenyewe anataka kula nini?"

Nilimumwagia ndoo nzima. Nilipigwa, na sijutii.

Asubuhi moja Mwape alishindwa kusimama. Nkambo akageuka, akamutazama baba machoni, mbele ya wanunuzi.

"Mukwe, leo haya nimeiacha. Nipe mutoto, nimupeleke kwetu Kafutuma mwezi mbili. Akikufa, weye mwenyewe uniite mulozi."

Baba akafunika uso kwa mikono yenye unga. "Mama, mumubebe," akasema. Hakupitia kwangu.

Niliwafuata Kafutuma, huko hakukuwa mukate. Kila asubuhi nkambo alichungulia choo cha Mwape, akikigusa kwa kijiti. "Awe, hapana, bado," alisema. Siku nyingine: "Ona, leo kimeshikana." Tuliporudi, Mwape alitembea mbele yetu, akinitukana kwa Kibemba kwa sababu nilikataa kumubeba. Tangu siku ile baba hakumushika kabla ya kunawa mpaka viwiko. Majirani walisema nkambo amemuachilia huyu ili ale mwingine.

Mwape alipopita miaka thelathini alishikwa na ugonjwa wa sukari, ule wa sindano. Daktari aliuliza habari za utoto wake, akapima damu, akatueleza. Kuna watoto ambao ngano inaufanya mwili upigane na utumbo wake wenyewe. Mwili kama huo mara nyingine unapigana pia na kongosho, inayotawala sukari ya damu, au na tezi ya shingo.

"Kumbe mukate ndio ulileta sukari?" nikauliza.

"Hapana, mama. Ni magonjwa ya ukoo mumoja. Muwalete na watoto wake, tuwapime."

Miye niliishia darasa la nne, mengine nimejisomea, kwa hiyo nasema wazi: kama yule shangazi alikuwa ndani ya lile tumbo, sijui. Najua nkambo alitazama kuliko sisi wote, na kliniki pamoja. Na mwanamuke ambaye miaka yote hakuwahi kumutazama mukwe wake, aliivua haya mbele ya wateja wa mukate ili mutoto apone. Sijaona ujasiri wa kuupita huo.

Alikufa wakimuita mulozi bado. Waliosema hivyo, wawili wako hai, na milango yao naijua. Waende Kafutuma, kwenye kaburi lake, waseme kwa sauti kwamba walimusingizia. Wanadaiwa hilo, na ninalitaka.