Nilikipa Kitabu C Alama Tatu

Sikuwa na kompyuta.

Sikuwa na barua pepe, sikuwa na tovuti, sikuwa na lile neno la siri ambalo kila mwenye nalo husema amelisahau. Miwani nilikuwa nayo, lakini ya kusomea karatasi tu. Simu nilikuwa naisogeza mbali na uso kama mtu anayenusa samaki wa juzi.

Na bado mimi, fundi kufuli mstaafu, ndiye niliyeteuliwa kuamua ni kitabu gani kiwafundishe wafanyabiashara wadogo kutangaza biashara zao mtandaoni.

Cheka sasa. Mbele huko utanicheka zaidi.

Maana wiki hiyohiyo ilitokea ajabu. Watu arobaini na mmoja walibonyeza tangazo la binti yangu kwa siku moja, na hakuna hata mmoja aliyepiga simu. Hata wa kukosea namba hakuwepo.

Ngoja nianze mwanzo.

Watu huniita Kamusi. Nilianza masomo ya jioni nikiwa na miaka thelathini na sita, vidole bado vina unga wa shaba wa kuchonga funguo. Nilimaliza kidato cha nne mvi zimeshaota. Walionicheka wakati ule, leo huniletea barua zao za serikali niwasomee.

"Mzee Kamusi," mwenyekiti wa chama chetu cha wafanyabiashara aliniambia, "wewe husoma hata maelezo ya kopo la rangi mpaka jina la kiwanda. Tunakuhitaji."

Nilijifanya nafikiria. Moyoni nilikuwa nimeshakubali tangu alipobisha hodi.

Tulikuwa waamuzi watatu: mwalimu wa chuo, mwenye duka la kuchapisha kadi, na mimi. Vitabu vilikuwa vitatu pia. Majina ya waandishi yalikuwa yameondolewa ili tusipendelee mtu, vikaitwa A, B na C. Kitakachoshinda kingechapishwa na kugawiwa wanachama wote.

Binti yangu ndiye aliyerithi karakana yangu. Mkono wake ni mwepesi kuliko wangu, lakini watu siku hizi hawatembei wakitafuta fundi. Mtu akifungiwa nje anaandika kwenye simu "fundi kufuli," anampigia wa kwanza anayemwona.

"Baba," aliniambia, "nina pesa ya kutangaza mwezi mmoja tu. Wateja wasipokuja, narudisha chumba kwa mwenye nyumba. Kitabu utakachokichagua wewe ndicho nitakachokifuata."

"Mwanangu, umefika," nikamjibu. "Tulia."

Nikaanza kazi.

Kitabu A kilikuwa na kurasa mia nne na kumi na mbili. Kina michoro, kina majedwali, kina faharasa. Ukikiweka mezani, meza inajua. Nilikisoma siku sita, sikuelewa theluthi yake, nikakiheshimu zaidi kwa sababu hiyo. Alama tisa kati ya kumi.

Kitabu B kiliniahidi utajiri kwa siku saba. Nilipofika siku ya tano nikawa bado sijaambiwa nifanye nini. Alama nne.

Kitabu C kilikuwa makaratasi arobaini yaliyobanwa kwa pini. Sentensi yake ya kwanza ilisema: "Wewe si mjinga, hujaelezwa tu."

Nani amesema mimi ni mjinga?

Nilikifunga hapohapo. Alama tatu.

Kisha nikajaza fomu. Chini yake paliandikwa: "Nathibitisha kwamba nimesoma kila ukurasa." Nikatia sahihi yangu ile ndefu, yenye mkia. Nikaipeleka ofisini kwa chama kwa mkono wangu.

Kesho yake tukaweka tangazo la binti kwa kufuata Kitabu A, neno kwa neno. Utaratibu ni huu: jina lako linatokea juu kabisa mtu anapotafuta, na kila anapobonyeza, unakatwa pesa kidogo. Pesa ya siku ikiisha, tangazo linajificha mpaka kesho.

Asubuhi nikatafuta "fundi kufuli" kwenye simu yangu.

Lo! Karakana yetu, juu kabisa!

Nikabonyeza. Ikafunguka picha ya binti yangu ameshika funguo. Nikatabasamu peke yangu. Baada ya dakika kumi nikaangalia tena kama bado ipo. Ipo. Nikabonyeza tena.

Mke wangu alikuwa kwenye cherehani yake, anashona mapazia ya watu.

"Simu hiyo mbona unaiminya kama unapima parachichi?"

"Mama, haya ni mambo ya kitaalamu."

Akanitazama. Akatazama rundo la vitabu. Akarudi kwenye pazia lake.

Nikaenda kwa wenzangu wa drafti, tuko wanne. Nikawaonyesha. Kila mmoja akataka kuliona kwenye simu yake mwenyewe.

"Bonyeza hapo," nikawaelekeza. "Umeona? Rudi. Bonyeza tena."

"Kamusi, umekuwa mtu mkubwa!" mmoja akasema.

Sikukataa.

Saa sita mchana binti yangu akanipigia. "Baba, pesa ya leo imeisha. Watu arobaini na mmoja wamebonyeza."

"Hongera!"

"Hakuna aliyepiga simu."

Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile. Jioni ya siku ya tatu nikamkuta ameanza kupanga vyuma vyake kwenye maboksi. Hakulia. Alikuwa anavipanga taratibu, vikubwa na vikubwa, vidogo na vidogo, kama nilivyomfundisha. Hilo lilinichoma kuliko machozi.

"Kuna mtu anatuhujumu," nikasema. "Na namjua."

Ng'ambo ya barabara kuna fundi kufuli mwingine. Tumegombania wateja miaka ishirini. Nikavuka nimefura kama chapati kwenye mafuta.

"Wewe! Acha kubonyeza tangazo la binti yangu!"

Akaweka chini tupa yake ya kuchongea funguo. "Kubonyeza nini?"

"Usijitie hamnazo. Toa simu yako."

Akaitoa mfukoni. Ilikuwa simu ya vitufe, imefungwa raba ili betri isidondoke.

"Hii," akasema, "ikipokea ujumbe inalala siku mbili. Nibonyeze na nini, Kamusi, na kiwiko?"

Mteja wake akacheka. Mimi nikarudi nyumbani naangalia viatu vyangu.

Binti alikuwa ananisubiri mezani. "Tuangalie kwenye kitabu, Baba. Lazima kimesema."

Tukapekua A, faharasa yote. Hakuna. Tukapekua B. Huko walikuwa bado wanahesabu utajiri.

"Na hiki?" Akanisogezea Kitabu C.

"Hicho hakina kitu."

"Si ulikisoma?"

Nikakohoa. Nikakifungua, nikasoma kwa sauti ukurasa wa pili.

"Usibonyeze tangazo lako mwenyewe. Usiwaambie marafiki wabonyeze. Najua utatamani. Kufanya hivyo ni..."

Hapo nikakwama, maana miwani ilikuwa imeingia ukungu.

Kutoka kwenye cherehani, bila kuinua kichwa, sauti ikamalizia: "...ni kujinunulia bidhaa dukani kwako, halafu ukashangilia kwamba umeuza."

Nikatazama karatasi. Neno kwa neno.

Nikamtazama mke wangu.

"Umekisoma wapi?"

"Sijakisoma," akasema. "Nimekiandika."

Binti akaziba mdomo. Alikuwa anazuia kicheko au kilio, sijui mpaka leo.

"Wewe?"

"Hawa wateja wa mapazia ulidhani wanatoka wapi?"

"Nilidhani ni sifa zako zimeenea."

"Sifa zangu zina miguu? Natangaza mwaka wa tatu huu. Makosa yote nimeyafanya mimi kwanza. Kikundi chetu cha akina mama wakaniomba niwaandikie, kisha wakakipeleka kwenye shindano."

"Mbona hukuniambia?"

Akazima cherehani. "Ningekuambia, ungenipa kumi kwa mapenzi au sifuri kwa kiburi. Nilitaka kujua nikiwa mtu baki napata ngapi."

Akageuza kiti, akanitazama usoni.

"Nimepata ngapi?"

Nikaonyesha vidole.

"Tatu?" Akasimama. "Tatu, Mzee Kamusi? Kwa kosa gani?"

"Sikupita ukurasa wa kwanza."

"Lakini ulituambia umevisoma vyote! Nilipokuona unabonyeza simu nikajua unafuatilia mpira, kwa sababu ukurasa wa pili ulikuwa umeshauona!"

Nikavua miwani. Mimi ndiye mwizi niliyekuwa namtafuta ng'ambo ya barabara. Na nilikuwa nimeiba mara mbili: kwa binti, na kwa mama yake.

Tukakaa watatu, mke wangu akaongoza. Tangazo lionekane saa ambazo binti anaweza kupokea simu tu. Lionekane kwa walio karibu tu. Wanaoandika "jinsi ya kufungua kufuli bila fundi" wazuiwe, maana hao hawaji kulipa. Mimi nilipewa kazi moja: simu yangu ikae kabatini.

Kesho yake, saa nne kasoro, simu ya binti ikalia. Mama mmoja kafungiwa nje, sufuria iko jikoni inaungua. Binti akaruka na kisanduku chake. Kufikia siku ya nne walikuwa wamempigia watu kumi na wawili, na akamwambia mwenye nyumba asitafute mpangaji.

Maboksi yakafunguliwa. Lakini fomu yangu ilikuwa bado iko ofisini kwa chama.

Ningenyamaza, nani angejua? Kitabu A kingeshinda, na wanachama wote wangebonyeza matangazo yao mpaka vidole viote sugu. Ningebadilisha alama, wangesema nimempendelea mke wangu, na kitabu chake kingechafuka kwa ajili yangu.

"Usitaje kwamba ni changu," akaniambia. "Kishinde au kishindwe chenyewe."

Nikaketi na kalamu. Niliharibu karatasi tano. Ya sita ikawa hivi:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, fomu yangu ni ya uongo. Kitabu C sikukisoma, nilikihukumu kwa sentensi moja iliyonigusa kiburi. Naomba alama zangu zote zifutwe na nafasi yangu apewe mwingine, atakayesoma mpaka mwisho. Nimejifunza uzeeni kwamba anayejiona amesoma ndiye mgumu zaidi kufundishwa. Naomba radhi."

Nikatia sahihi fupi, bila mkia.

Mke wangu akaisoma, akairudisha. "Umeandika vizuri," akasema.

"Alama ngapi?"

"Tisa. Kumi nitakupa ukishaituma."

Nikaikunja mara tatu, nikaitia kwenye bahasha, nikalamba gundi na kuibana kwa kiganja mpaka ikashika. Kisha nikavaa viatu, nikatembea mpaka posta, nikaitumbukiza kwenye sanduku. Nikaisikia ikigonga chini.