Ushahidi wa Uhai Kibokoni

Jumatatu asubuhi nilikuwa Kibokoni nikisubiri mahamri, na mzee wa kanzu kando yangu alikuwa akihojiwa kwa simu kama yu hai au kafa. Alifanya kazi kiwandani Ulaya miaka mingi. Sasa kiwanda kimehamia Asia, serikali ya huko imebana matumizi, na kabla ya kumtumia pensheni yake inataka kumwona uso.

Mwanamke wa ofisi ya pensheni akasema jambo kwenye video. "Ataka shahidi," mzee akatutafsiria.

Muuza mahamri, bibi wa rika la mzee, akafuta unga mikononi akasogeza uso ukajaa kioo kizima. "Mwambie angekuwa kafa, tungekuwa tushakula pilau ya hitima!"

Yule wa Ulaya alipotafsiriwa alicheka mpaka akavua miwani. Akauliza majirani wanajuaje hali ya mzee.

"Asipokuja kununua mahamri asubuhi, twamgongea mlango," bibi akajibu.

Mzee akasikiliza jibu. "Asema kwao kazi hiyo ilikuwa na idara, nayo imefungwa. Haya, ameridhika. Mimi ni hai!"

Tukapiga makofi, mzee akatuagizia mahamri sote. Nikawa tayari kutamba humu ninamoandika kwamba ujirani wetu umeishinda Ulaya, ila bibi alikuwa hajatoa uso kwenye simu. Posho yake ya wazee, ile ya serikali ya hapa kwetu, haijaingia tangu kabla ya Ramadhani.

"Ngoja, usikate!" akasema, akicheka kutushinda sote. "Mwambie na mimi ni hai!"