Mlango Wenye Nafasi ya Mshono

Hebu mchore kichwani mwako: mama mfupi, mnene kidogo, anaingia kwenye karakana ya seremala asubuhi, miguu imejaa vumbi la kiangazi, tepu ya kupimia nguo inaning'inia shingoni. Huyo ni fundi nguo wa mtaa wetu. Wanamwita Mama Tepu, na siku akitoka bila hiyo tepu unaweza kumpita usimtambue.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, fundi mwenzangu. Umeniletea suruali?"

"Nimekuletea mlango. Vipimo vyake, yaani."

Seremala alipokea kile kipande cha kitambaa chenye alama za chaki, akakitazama, akakitazama tena. Alitaka kusema neno, akajizuia. Mafundi hawa wana heshima zao: fundi mwenzako akishapima, hurudii kupima. Ni kama kumwambia hajui kazi. Basi akachukua mbao, akaanza.

Mlango wenyewe ulikuwa ule wa nyuma, wa kutoka jikoni kwenda uani. Mvua zilizopita, mama mzazi wa Mama Tepu alijikwaa kwenye kizingiti chake, akaporomoka ngazi, akavunjika nyonga. Tangu hapo anatembea kwa kiti cha magurudumu, na kaka mkubwa wa Mama Tepu akamchukua kwake, kwenye majengo ya ghorofa, nyumba ya chini kabisa. Ni pazuri kule. Maji yapo, umeme upo, kila kitu kipo isipokuwa udongo. Na bibi yule ni mtu wa bustani. Akaishia kupanda vitunguu vya majani kwenye kopo la maziwa, anashinda akilisogeza dirishani kulifuata jua.

"Kaka, mrudishe nyumbani," Mama Tepu alimwomba.

"Nimrudishe kwenye kile kizingiti? Nilimwokota mimi pale, dada. Wewe ulikuwa sokoni, hukusikia alivyolia."

"Nipe kiangazi hiki. Nitatengeneza."

"Haya. Lakini nikija nikakuta bado pana pa kumwangusha, mama harudi, na hatutaliongea tena."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaogopa tu, na yule bwana akiogopa huongea kama msimamizi wa kiwanda.

Basi kazi ikaanza. Mama Tepu aliziba bati lililokuwa linavuja juu ya jiko, akapaka ukuta chokaa, akafyeka magugu uani mpaka panya wakahama. Mumewe ni mlinzi wa usiku, mtu wa kulala mchana, na kila nyundo ilipogonga sauti ilitoka chumbani.

"Wewe mwanamke! Unajenga nyumba au unaniwangia?"

"Lala, baba. Hii ya mwisho."

"Hata jana ilikuwa ya mwisho!"

Siku mlango ulipoletwa, seremala alikuja nao kwenye mkokoteni, umepigwa msasa unang'aa, harufu ya mbao mpya imejaa uani. Wakauinua, wakausogeza kwenye fremu. Haukuingia. Wakaugeuza. Wapi! Ulikuwa umezidi pande zote mbili, na urefu pia.

Seremala akafuta jasho. "Mama, hebu niambie taratibu. Ulipimaje?"

"Nilipima tundu lilivyo. Halafu huku na huku nikaacha nafasi ya mshono."

"Nafasi ya nini?"

"Ya mshono! Na chini nikaacha upindo, kama kawaida."

Seremala akakaa juu ya ndoo. Alicheka mpaka akashika mbavu, akapumzika, akaendelea. "Upindo! Mama, ulidhani mlango utakua, uje uuteremshe? Au ulidhani utanenepa?"

Mume akatokea, shuka begani, macho mekundu. Alipoelezwa alimwangalia mkewe, akauangalia mlango. "Tushukuru hakuuwekea mifuko," akasema, akarudi kulala.

Mama Tepu hakucheka. Mawingu yalishaanza kujikusanya mchana mchana. "Upunguze basi," akasema.

"Nikiukata kiasi hicho nitafika kwenye maungo. Utalegea, mvua mbili tu umeachana. Labda nikuundie mwingine, ila mbao kavu zimekwisha. Mpaka zipatikane, mvua itakuwa imetukuta."

Mama Tepu akaketi kwenye kile kizingiti, cherehani aliyoizoea iko mbali, mkononi ana tepu tu anaikunjakunja. Na hapo ndipo kitu kikamchoma. Maisha yake yote hajawahi kukata nguo kabla ya kumpima mvaaji. Hapa amepima tundu. Mwenye kupita hakumpima.

Akampigia kaka yake simu.

"Kaka, hebu mpimie mama kile kiti. Gurudumu mpaka gurudumu, na mikono yake iwe imeshika magurudumu, kama anajisukuma."

"Kwa nini? Sina tepu," kaka akajibu, kwa haraka zake.

"Mkanda je, unao?"

Zikasikika purukushani, na sauti ya bibi ikiuliza, "Unanivulia mkanda kwani nimekosa nini?" Kisha kaka akarudi kwenye simu. "Kutoka kwenye chuma cha mkanda mpaka tundu ninalofungia. Sawasawa kabisa."

Mama Tepu hakuhitaji zaidi. Suruali za kaka yake anazishona yeye. Kiuno chake anacho kichwani kama jina lake mwenyewe. Akavuta tepu mpaka kwenye kipimo hicho, akaishika kwenye tundu la mlango wa zamani. Haikutosha. Mama angebanwa vidole kila akitoka, au angebaki ndani akitazama uani kama anavyotazama kule dirishani. Akaipima kwenye mlango mpya, ule wa kuchekesha. Ikaingia, na nafasi ikabaki.

"Fundi," akasema, "mlango usiuguse. Tunabomoa ukuta."

Seremala aliacha kucheka. Alipanda kwenye stuli, akaichunguza linta, ile boriti ya zege inayobeba ukuta juu ya mlango, akakuta imeingia vya kutosha kila upande. "Inawezekana," akasema. "Nitaunda fremu mpya. Na huo upindo wako, ukitaka uingie, itabidi kizingiti king'olewe."

"Si ndicho kilichomvunja mama? Kitoke!"

Safari hii mume hakuweza hata kujifanya amelala. Alishika patasi na nyundo, akaking'oa kizingiti yeye mwenyewe, na alikipiga kwa hasira ya siku zote alizokosa usingizi. Ukuta ukapanuliwa, fremu na mlango vikakaa. Kifusi wakakimwaga mahali pa ngazi, wakakishindilia, wakamwaga zege juu yake kufanya mteremko.

Ulipokauka, Mama Tepu akaleta toroli. "Baba, panda tujaribu."

"Mimi?"

"Wewe ndiye mwepesi hapa."

Akapanda, amejishikilia. Toroli likashuka kama limeitwa na mtu, likamponyoka Mama Tepu, likamtupa mzee wa watu kwenye lundo la mboji. Akainuka ana maganda ya ndizi begani. "Usiku nalinda mali za watu," akasema, "mchana hakuna wa kunilinda mimi!"

Wakaurefusha mteremko, ukawa mpole, ukala mahali pote palipokuwa pa maua. Matofali mazima yaliyotoka ukutani wakayapanga kuwa kitalu cha juu. Mama Tepu alimketisha mumewe kwenye kiti, akampima kutoka chini mpaka kiwikoni kama anamshonea koti, na kitalu kikaishia hapo. Wakajaza udongo na mboji, wakasia mchicha na bamia.

Kaka alikuja na mama Jumamosi moja, miche imeshachomoza, upepo unanusa mvua. Begi la mama alikuwa ameliacha garini. "Tumekuja kuangalia tu," akasema mlangoni, hata kabla ya salamu.

Alipapasa sakafu kwa kiatu pale kilipokuwa kizingiti, mara mbili. Halafu, mbele ya watu wote, akavua mkanda, akautandaza kwenye upana wa mlango, mkono mmoja umeshikilia suruali.

"Kaka, itakushuka hiyo!"

"Niache kwanza, dada."

Mkanda ulifika mpaka tundu lake, na vidole vikapita vizuri kati ya ncha na fremu. Akainuka taratibu.

Mama yao hakungoja ruhusa. Alishika magurudumu mwenyewe, akapita bila kugusa popote, akateremka pole pole mpaka kwenye kitalu, akachomeka vidole kwenye udongo.

"Nani kabananisha bamia hivi?" akauliza. "Nyinyi mnapanda au mnapakia abiria? Nileteeni kisu, nipunguze."

Akaanza kung'oa miche iliyozidi, anaipanga mapajani. Tone la kwanza la mvua likagonga bati, na ndani jikoni hapakuvuja.

Kaka alimtazama kwa muda. Kisha akageuka, mkanda mkononi, suruali ameikamata, akaelekea garini.

Wewe unadhani alikwenda kuchukua nini?