Petroli ya Ndege Kwenye Gari la Jirani

Jirani yangu hapa Nsemulwa aliuza ng'ombe sita akanunua gari dogo la kubeba abiria kati ya Mpanda na Sitalike. Baba yake, mfugaji aliyeswaga mifugo kwa miguu kutoka Usukumani mpaka Katavi, alikataa kulipanda mwaka mzima. Kisha macho yakamsumbua, akapangiwa siku ya hospitali Mpanda. Akatuma ujumbe: "Haya, njoo unichukue Alhamisi."

Jumanne gari likaletwa gereji kwangu likiwa hoi. Taa ya injini inawaka, na kilima kidogo tu linahema.

"Fundi, mzee akiliona hivi sitapona," jirani alisema. "Hatalipanda tena, na macho yake je?"

Nikafungua plagi. Zilikuwa na vipele vya kijivu. Nikamuuliza anaweka mafuta gani. Akacheka kwa aibu, akafungua buti, akanionyesha dumu lenye petroli ya bluu.

Shemeji yake hufyeka nyasi kwenye kiwanja cha ndege ndogo. Kila asubuhi marubani huchuja petroli kidogo kutoka kwenye matangi ya kila ndege ili waone kama imeingia maji. Shemeji aliomba hiyo iliyochujwa, na kwa miezi kadhaa madumu yamekuwa yakija, jirani akichanganya na petroli ya kituoni.

"Ng'ombe wa kulima tunampa chumvi na pumba," alisema. "Nikasema na hili nilipe chakula cha ndege. Kinachopaisha ndege kitashindwaje na kilima?"

Sikumcheka. Hata mimi nilipokuwa najifunza ufundi niliamini hivyo. Nikamkalisha juu ya tairi, nikamweleza pole pole kwamba okteni, kipimo kinachotajwa kwenye petroli, si nguvu, ni uvumilivu wa kubanwa. Injini hubana petroli na hewa, kisha plagi huwasha. Petroli yenye okteni ndogo ikibanwa mno huwaka kabla ya wakati wake, injini ikagonga. Injini za ndege ndogo nyingi zinahitaji petroli yenye uvumilivu mkubwa, ndiyo maana huongezewa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Gari lake halihitaji uvumilivu huo wa ziada. Kilicholibakia ni risasi tu, iliyopaka sensa ya ekzosi na kuharibu masega yanayosafisha moshi ndani ya bomba.

"Yaani nimelivimbisha tumbo!"

"Limevimbiwa, halijafa."

Tulimwaga mafuta yote tukayaweka mbali na watoto, nikamkataza hata kunawia mikono. Siku iliyofuata nikafunga plagi mpya, sensa, na masega niliyotoa kwenye gari lililopata ajali. Likapanda kilima bila kuhema.

Alhamisi aliniomba nimsindikize Sitalike kumchukua baba yake. Mzee alipapasa boneti taratibu, kama mtu anayekagua fahali mnadani.

"Naambiwa lilikuwa linaumwa."

Jirani akanitazama nimjibie. Nikamwashiria kwa kidevu aeleze mwenyewe, nilijua anaweza. Akaanza kwa kusitasita, akaeleza yote, kubana, kuwaka mapema, risasi, bila kukosea hata hatua moja.

"Kwa hiyo kosa si la gari, baba. Ni langu. Nililipenda vibaya."

Mzee aliondoa mkono kwenye boneti.

"Ndama wangapi nimewaua mimi kwa kuwashibisha," akasema. Akafungua mlango wa mbele, akaketi, akauliza mkanda unafungwaje.